Jumla ya Mwaka Haipandi Maharage

Maharage ya kwanza yalikuwa yameota, kisha yakafa, na hilo ndilo lililotukutanisha. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, huko Kabare, Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, chini ya upenu wa ghala ambamo wakulima wa kahawa hukutana kila wanapokuwa na jambo. Mimi ni mwalimu wa jiografia mjini Bukavu, lakini shamba alilotuachia mama yetu liko kule juu, na kwa sababu hiyo ninahesabiwa kuwa mwanachama, ingawa jembe langu linajulikana kwa uvivu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa amekuja na mche wa haragwe mkononi kama mtu aliyekuja mahakamani na ushahidi. Majani yake mawili yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto, mzizi ulikuwa na urefu wa kidole, na udongo haukushikamana nao hata kidogo. Ulianguka wote kama unga alipoutikisa.

«Mwalimu», akaniambia, «nyinyi mnaosoma mnasema nini? Mvua ya siku hizi si ile.»

Kabla sijajibu, Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo alijibu badala yangu. «Mvua ni ile ile, Mama. Ninyi ndio mnaoharakisha jembe.»

Mabishano yaliyofuata yalichukua siku nzima, na mengine yanaendelea hadi leo. Ninayaandika kwa sababu nimewahi kusikia mjini watu waliosoma wakibishana juu ya jambo hilo hilo kwa hoja dhaifu kuliko zile nilizozisikia chini ya upenu ule.

Mzee yule hakuwa akisema ovyo. Ujana wake aliutumia katika mojawapo ya mashamba makubwa ya chai na mkwinini, na kwa miaka mingi kazi yake ya kwanza kila siku, saa mbili asubuhi, ilikuwa kusoma kipimamvua. Ndiye aliyetueleza, bila karatasi, jambo ambalo wanafunzi wangu huchukua wiki nzima kulielewa: kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji iliyomwagwa juu ya mita moja ya mraba, wala si kina cha maji kwenye ndoo yoyote uliyoiacha nje. Daftari lake analo hadi sasa. Alimtuma mjukuu wake akalilete, na likaja limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, jalada lake gumu likiwa limeliwa pembeni na mende. Ndani mna safu za tarehe na za milimita, kistari kwa siku isiyo na mvua, na herufi mbili, «tr», kwa siku ambayo chombo kililowa bila kiasi cha kupimika. Mwandiko ni ule ule mwaka hadi mwaka, isipokuwa mahali ambapo wino ulibadilika kutoka bluu hadi nyeusi. Halafu, katikati ya mwezi wa kumi 1996, mwandiko unakoma. Hakuna kistari wala «tr», karatasi ni tupu. Ni mwezi ule vita vilipotufikia. Wote tuliokuwa pale tulijua, na hakuna aliyeuliza.

Kijana mmoja aliyesomea kilimo alilichukua daftari na simu yake, akajumlisha mvua ya kila mwaka uliokamilika. Ilikuwa miaka 13. Akasimama na kutangaza kwamba haoni chochote: mwaka mmoja mvua nyingi, unaofuata kidogo, kisha nyingi tena, mfano wa barabara ya kupanda Kadutu, kule Bukavu, bila mwelekeo wa kwenda juu wala wa kushuka. Mzee akatabasamu kwa upole wa mtu aliyeshinda kesi.

Hapo nikalazimika kusema, kwa kuwa kutoona mwelekeo katika miaka 13 hakuthibitishi kwamba mwelekeo haupo. Eneo letu la kandokando ya Ziwa Kivu hupata takriban milimita 1,300 hadi 1,500 kwa mwaka, na mwaka mmoja unaweza kutofautiana na mwenzake kwa mamia ya milimita bila tabianchi kubadilika hata kidogo, kwa sababu tu bahari ziko mbali lakini mkono wao ni mrefu. Mwaka ambao maji ya Pasifiki yamepata joto, au yale ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, mvua za Afrika Mashariki hukengeuka kutoka kwenye desturi yake. Mwisho wa 1997 ulikuwa hivyo, na mwisho wa 2019 pia. Sasa, tuseme tabianchi yenyewe imepunguza milimita 50 polepole kwa miaka 40. Katikati ya mruko wa mamia, hizo 50 utazionaje? Ni sawa na kutafuta mtoto anayenong’ona sokoni siku ya Jumamosi. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani linahesabu wastani kwa vipindi vya miaka 30, kama 1961 hadi 1990, au 1991 hadi 2020. Miaka 30 si namba takatifu, bali ni muda wa kutosha kuifanya kelele ipungue kidogo.

Nilidhani nimesema vizuri. Mama mwenye mche wa haragwe alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akasema: «Sawa, Mwalimu. Lakini hiyo jumla ya mwaka ni ya nini? Mimi sipandi jumla ya mwaka. Napanda maharage.»

Nimeyarudia maneno hayo darasani mara nyingi tangu siku ile. Huku kwetu mwaka wa kilimo una msimu A, unaoanza mwezi wa tisa, na msimu B, unaoanza mwezi wa pili. Wenye vipande bondeni huongeza msimu C wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita. Mkulima wa msimu A ana swali moja tu linalomkosesha usingizi: je, mvua hii iliyonyesha jana ndiyo yenyewe, au ni ya kudanganya? Akipanda kwa mvua ya kudanganya, mbegu huota, kisha siku kumi na mbili za jua huiua, na mbegu ya pili hana. Akisubiri sana, maharage yake yatakomaa wakati mvua nyingi inaozesha maganda. Mwaka wa namna hiyo unaweza kufunga hesabu yake kwa milimita 1,450, zote nzuri kabisa kwenye daftari, na bado watoto wakalala njaa.

Kwa hiyo tukaliacha swali la jumla, tukafungua kurasa za kila siku. Wataalamu wa kilimo wana kanuni za kutambua mwanzo wa mvua, nazo zinatofautiana kidogo kutoka nchi hadi nchi, lakini mtindo wake ni mmoja, na kijana wetu alikuwa anaijua iliyomfaa: chukua siku ya kwanza baada ya tarehe 1 mwezi wa tisa ambapo zimeanguka angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, kisha hakikisha kwamba katika siku 30 zinazofuata hakuna siku kumi mfululizo za ukavu. Zikiwepo, huo haukuwa mwanzo. Ilikuwa mvua ya kudanganya, endelea kutafuta. Tulikaa juu ya magunia, mmoja akisoma, mwingine akihesabu vistari kwa kidole, na nadhani hata wale waliokuwa wamekuja tu kwa ajili ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, walisahau kuulizia mtungi.

Katika ile miaka 13, tuliikuta mvua ya kudanganya mara nne. Mzee aliruka. «Mnaona! Zamani pia ilidanganya. Na nilikuwa nawaambia watu wasipande, nao walipanda.» Na kweli alikuwa na haki. Kumbukumbu ya watu pale ilikuwa imeisafisha kabisa miaka ile, ikaibakiza ile ambayo mvua ilikuja siku yake kama mgeni aliyealikwa. Lakini Mama hakukubali kuachia, akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa langu: «Zamani mara nne katika miaka kumi na mitatu. Na sasa hivi ni mara ngapi?»

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyeandika. Tulikuwa na zamani iliyoandikwa bila ya leo, na leo inayosemwa bila kuandikwa, na vitu viwili hivyo huwezi kuviweka kwenye mizani moja.

Watu walijaribu kuliziba pengo hilo kwa ushahidi mwingine, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi ushahidi unavyoteleza. Wa kwanza alisema mavuno yamepungua, kwa hiyo mvua imebadilika. Lakini mavuno si kipimamvua. Mihogo ya Kivu iliharibiwa na mozaiki, ugonjwa ambao Watanzania wanauita batobato, na migomba ikapatwa na mnyauko ulioonekana nchini kwa mara ya kwanza huko Masisi mwaka 2001, halafu ukashuka polepole hadi kwetu. Udongo wa miteremko yetu umeteremka pia. Shamba alilolima babu likiwa moja sasa limegawanywa kati ya ndugu sita, na hakuna kipande kinachopumzika hata msimu mmoja. Ukichukua mabaya yote hayo ukayabebesha mvua, unaionea. Mzee aliongeza jambo ambalo wengi hawakulipenda, nami naliona ni kweli: njaa ya mwezi wa nane ndiyo inayotuharakisha jembe. Mtu ambaye ghala lake limekwisha haisubiri mvua ya pili. Anapanda kwa ile ya kwanza, na akipoteza analaumu mbingu.

Wa pili, ambaye mke wake ni wa Uvira, alileta Ziwa Tanganyika. Tangu 2020 maji yake yamepanda, yameingia nyumba, yamefukuza watu mitaani. Huo si ushahidi? Ni ushahidi wa mvua nyingi, ndiyo, lakini ziwa lile lina historia ndefu. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961, lilipanda vile vile, na Ziwa Victoria likaongezeka kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Na kabla ya hapo, katika karne ya 19, mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutokea maji ya Tanganyika, ulikuwa umezibwa na udongo na majani hadi ziwa likajaa sana. Mlango ukafunguka mwaka 1878, na maji yakashuka. Kwa hiyo ziwa linaweza kupanda kwa mvua, linaweza kupanda kwa kuziba, na linaweza kupanda leo kwa sababu ambazo babu zetu walishaziona. Mtu mwingine alitaja Ziwa Kivu letu, lakini hilo nalo, tangu bwawa la Ruzizi I lianze kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, mlangoni pake pana mkono wa mtu, hivyo kimo chake hakisemi habari za mvua peke yake.

Kama makala haya yangeishia hapo, msomaji angeweza kudhani kwamba Mzee alishinda na kwamba hakuna kinachojulikana. Sivyo. Kuna jambo ambalo siku ile halikubishaniwa kwa sababu halikutajwa, nami ndiye niliyelileta baada ya chakula: joto.

Joto lina tabia tofauti kabisa na mvua. Katika nchi za tropiki kama yetu, wastani wa joto wa mwaka huu na ule wa mwaka jana haupishani sana. Bukavu, yenye takriban digrii 19 au 20, haina majira ya theluji ya kuichanganya hesabu. Kelele ikiwa ndogo, mnong’ono unasikika, na ndiyo maana badiliko dogo la joto linaonekana mapema katika ukanda wetu kuliko Ulaya. Jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza tabianchi, lile lililoundwa mwaka 1988, limeeleza kwamba katika muongo wa 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto lililozidi kwa takriban digrii 1.1 lile la nusu ya pili ya karne ya 19, na kwamba sehemu kubwa ya Afrika imepata joto haraka kuliko wastani wa dunia. Wala hatuhitaji kwenda mbali kuliona. Kaskazini mwetu, mpakani na Uganda, upo mlima Rwenzori. Mwaka 1906, Mtaliano aliyeongoza msafara wa kuupima alikuta barafu ambayo baadaye imekadiriwa kuwa na kilomita za mraba 6.5, mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Wataalamu wanabishana bado ni sehemu gani ya kuyeyuka huko iliyotokana na joto na ni ipi iliyotokana na upungufu wa unyevu na mawingu, lakini hakuna anayebisha kwamba barafu inakwenda.

«Digrii moja ni kitu gani?» kijana mmoja akauliza. «Asubuhi hadi saa sita mchana zinapita digrii kumi, na hatufi.»

Nikamwonyesha mlima. Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban digrii sita na nusu. Kwa hiyo digrii moja ni kama mita 150 za mteremko. Joto likipanda kwa digrii moja, ni kana kwamba shamba lako la kahawa limechukuliwa usiku, na udongo wake na nyumba yako juu yake, likateremshwa mita 150 kuelekea ziwani. Wakulima wa kahawa hawakuhitaji nimalizie. Wanajua wenyewe ni mashamba yapi, yale ya chini, yanayoliwa zaidi na mdudu wa kahawa, na ni yapi ya juu ambayo punje zake hukomaa polepole na kuwa na uzito. Walianza kuhesabu kwa vidole ni nani kati yao atakuwa jirani wa nani. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba shamba lake la kazi halikuwa na kipimajoto, na kwamba juu ya jambo hilo yeye hana daftari. Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo kuliko kwa yote aliyoyasema asubuhi.

Joto nalo linairudia mvua kwa mlango wa nyuma. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila digrii, hivyo dhoruba inapofika ina maji mengi zaidi ya kumwaga kwa mara moja. Hapo kila mtu alifikiria Kalehe, jirani zetu wa kaskazini kandokando ya ziwa. Mwezi wa tano 2023, mito ilishuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Siku chache kabla, mvua hizo hizo zilikuwa zimeua zaidi ya 130 ng’ambo, Rwanda. Wengi wetu tulikuwa na ndugu au wateja huko. Je, hiyo ilikuwa tabianchi iliyobadilika? Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kujibu swali hilo hasa baada ya maafa, lilijaribu, na mwezi wa sita mwaka ule likatoa ripoti yake. Jibu lao lilikuwa kwamba takwimu za eneo la Ziwa Kivu ni chache mno, na kwa sababu hiyo hawakuweza kupima mchango wa mabadiliko ya tabianchi. Niliposoma maneno hayo nilikumbuka daftari lile linalokoma katikati ya mwezi wa kumi.

Maana daftari la Mzee halikuwa peke yake. Huku kwetu, mahali paitwapo Mulungu, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1933, na Lwiro pakajengwa kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoundwa mwaka 1947, na vyote viwili vilipima mvua. Mashamba makubwa nayo yalipima kwa faida yao wenyewe. Vita vilinyamazisha vituo vingi vya Kivu, na Rwanda, baada ya 1994, vituo vyao vingi pia vilikaa kimya kwa miaka kama 15. Kijana wetu alitukumbusha satelaiti, na ni kweli kwamba zipo hesabu za mvua kutoka angani kuanzia 1981. Lakini satelaiti haipimi mvua. Hutazama mawingu na kukisia, kisha makisio yake husahihishwa kwa vituo vya chini, vile vile vilivyonyamaza. Tena kipande kimoja cha ramani yake kina upana wa takriban kilomita tano. Kutoka ghala letu, kilomita tano ni vilima vitatu, na kila mtu wa huku kwetu Bushi anajua kwamba kilima kimoja hulowa huku kingine kikianika mihogo.

Msimamo wangu, basi, nitausema wazi, kwa kuwa waliniuliza nami sikuukwepa. Juu ya joto, kumbukumbu za kanda na za dunia zinatosha, na anayekana anakana tu. Juu ya jumla ya mvua ya mwaka huku Kivu, Mzee ana haki ya kushikilia kwamba haijathibitishwa. Na juu ya lile ambalo Mama analiuliza, yaani siku ya kuanza na siku za ukavu katikati, hakuna anayeweza kumwambia kwamba anaota, wala kwamba ana hakika, mpaka mtu aandike kila siku, sifuri zikiwemo.

Tulichanga franga siku hiyo hiyo. Kipimamvua cha plastiki nilikinunua mjini, na kilipofika palizuka ubishi mwingine, mrefu karibu kama ule wa kwanza, juu ya mahali pa kukiweka. Wengi walitaka kikae mlangoni pa ghala ili kisiibiwe. Mzee alikataa kata kata: mlangoni pana upenu, na nyuma yake pana mparachichi, chombo lazima kiwe mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wake, la sivyo utakuwa unapima mti. Akautembelea uwanja kwa hatua, akihesabu kwa sauti, akasimama katikati ya shamba la viazi vitamu la Mama. Mama akatoa kile kipande, akataka kitu kimoja tu, kwamba binti yake ndiye awe anasoma.

Binti ana miaka 14. Kila siku saa mbili kasorobo, kabla ya shule, anasoma, anaandika kwenye daftari jipya, kisha ananitumia ujumbe. Mzee aliukubali muda huo wa kabla ya saa mbili kwa shingo upande, kwa sharti kwamba usibadilike kamwe. Wiki iliyopita, asubuhi moja, ujumbe ulisema «tr». Nusu saa baadaye ukaja mwingine: Babu amepita, amegusa majani ya viazi, amesema nifute niweke kistari, kwa sababu usiku haikunyesha na huo ulikuwa umande tu.